Dawa Imemezwa, Je, Imefika?

MGONJWA anapoondoka kwenye dirisha la dawa na pakiti yake mkononi, watu wengi huona kuwa kazi imekwisha. Daktari amepima na kuandika, mfamasia ametoa, na mgonjwa atakwenda kumeza asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa. Kilichobaki ni kusubiri nafuu. Nafuu isipokuja, tunamlaumu daktari kuwa hajui, tunailaumu dawa kuwa ni feki, au tunafunga safari kwenda kwa mganga. Ni nadra mtu kujiuliza swali ambalo kwa hakika ndilo lilipaswa kuwa la kwanza: dawa ile niliyoimeza, je, imefika penye ugonjwa?

Chukua mfano wa mzigo unaotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Risiti uliyopewa inathibitisha kuwa mzigo umepokelewa. Haithibitishi kuwa umefika. Yawezekana umeshushwa Tabora kwa makosa, na yawezekana umefika ukiwa nusu. Ukimpigia simu jamaa yako wa Dodoma akakwambia kuwa basi limepita, umepata habari njema, lakini bado hujui lolote kuhusu Kigoma.

Kwa miaka mingi elimu ya tiba ilikuwa katika hali hiyo hiyo. Kidonge kikimezwa, tumbo hukiyeyusha, utumbo hunyonya sehemu yake, ini hubadilisha na kuharibu kiasi, damu husambaza kilichobaki mwili mzima, na hapo hapo figo huanza kukitoa nje. Katika safari yote hiyo daktari aliweza kupima vitu viwili kwa urahisi, damu na mkojo. Damu ndiye yule jamaa wa Dodoma. Anasema dawa imepita. Kama imeingia ndani ya uvimbe, au ndani ya kidonda kilicho katikati ya pafu, au imevuka kizuizi kinachoulinda ubongo, damu haisemi. Ili kujua hilo ilibidi kukata nyama ya mahali penyewe, na mara nyingi hilo liliwezekana baada tu ya upasuaji, au baada ya mgonjwa kufariki.

Makala haya yanahusu elimu iliyowezesha kuiona Kigoma yenyewe, yaani kutumia picha za hospitali kuifuatilia dawa ikiwa ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, si daktari. Nimelazimika kulisoma jambo hili kwa sababu ya swali la mwanafunzi wangu wa darsa la jioni, ambalo nitalieleza mbele. Nimeona pia kuwa wengi katika mitaa yetu wanalihitaji jibu lake kuliko wanavyojua.

Asili ya elimu hii inachekesha kidogo. Mwaka 1911 kijana mmoja mkemia kutoka Hungaria, George de Hevesy, alikuwa Manchester, Uingereza, akifanya kazi katika maabara ya Ernest Rutherford. Alipanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wapangaji wake. Inasimuliwa kuwa Hevesy alishuku kuwa mabaki ya chakula yanarudishwa jikoni na kuletwa tena mezani siku zinazofuata kwa sura nyingine. Mama alikana. Basi siku moja kijana akatia katika mabaki kiasi kidogo mno cha madini yenye mionzi, na siku chache baadaye akaja mezani na chombo cha kupimia mionzi. Chombo kikaonyesha kuwa chakula ni kile kile. (Sipendekezi jambo hili lifanywe kwa mama ntilie yeyote.)

Iwe mkasa huo ulitokea kama unavyosimuliwa au umeongezwa chumvi, fikra iliyomo ndani yake ndiyo iliyobadilisha tiba. Atomu yenye mionzi ina tabia zile zile za kikemia za mwenzake isiyo na mionzi. Mwili haubagui. Utaipokea, utaisafirisha na kuiweka mahali pale pale ambapo ungeiweka ile ya kawaida. Tofauti ni kwamba hii inatoa ishara njia nzima. Mwaka 1923 Hevesy alitumia risasi yenye mionzi kuona jinsi mmea wa maharage unavyonyonya na kusafirisha madini. Mwaka 1935 yeye na mwenzake waliwapa panya fosforasi yenye mionzi, wakagundua kuwa mfupa, ambao watu waliudhani ni kitu kilichotulia kama jiwe, unapokea na kutoa madini wakati wote. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943.

Wa kwanza kuigeuza fikra hiyo kuwa tiba ya maradhi ya shingo alikuwa daktari wa Boston, Marekani, aitwaye Saul Hertz. Tezi iliyopo shingoni, ambayo ikivimba tunaita rovu, ina uchu wa madini ya iodini. Iodini ukiila kwenye chumvi, tezi ile huivuta kutoka kwenye damu na kuikusanya. Hertz alijiuliza: kama iodini ingekuwa na mionzi, si ingejipeleka yenyewe kwenye tezi? Alianza na sungura mwaka 1937, na tarehe 31 Machi 1941 akampa mgonjwa wa kwanza iodini yenye mionzi kwa ajili ya tiba. Hapa dawa na kifuatilio chake vilikuwa kitu kimoja. Kiasi kidogo kinatumika kupiga picha na kuona tezi imevuta kiasi gani, na kiasi kikubwa kinatumika kuziua seli zilizozidi kazi au zenye saratani. Daktari anaiona dawa imekaa pale pale alipoitaka.

Tiba hii si ya mbali. Taasisi ya Saratani Ocean Road, pale Dar es Salaam, imekuwa ikitoa huduma za tiba ya nyuklia, ikiwemo iodini ya tezi, na kamera ya gama inayoziona ishara hizo inajulikana kwa wagonjwa wengi waliopitia pale. Nalitaja hili kwa sababu linagusa ibada moja kwa moja. Aliyepewa iodini kwa kiwango cha tiba hubaki akitoa mionzi kwa muda, kwani iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8, mbali na ile inayotoka kwa mkojo. Hospitali humtaka akae mbali na watoto wadogo na wanawake wajawazito kwa siku ambazo daktari huzitaja kulingana na kiasi alichopewa. Mjamzito mwenyewe hapewi kabisa, na anayenyonyesha hutakiwa kuacha kunyonyesha.

Sasa huyu aliyepewa, akisikia adhana, akakimbilia msikitini na kusimama bega kwa bega katika safu, huku watoto wamejaa nyuma yake? Nionavyo mimi, huyu ana udhuru mara mbili, wa maradhi na wa kuchelea kuwadhuru wengine, na kanuni zote mbili zinafahamika katika fikihi. Aswali nyumbani, na Ijumaa aswali Adhuhuri, mpaka muda aliopewa na hospitali umalizike. Maimamu nao walijue hili ili wasimkemee mtu kwa kutoonekana msikitini.

Baada ya iodini, watafiti waliendelea kutia alama katika dawa nyingine, na baadhi ya waliyoyaona yalikuwa ya kufedhehesha. Mfano ulio karibu na nyumba nyingi ni pumpu ya pumu. Mgonjwa hubonyeza, husikia ubaridi kooni, huamini dawa imeingia. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza, akiwemo Stephen Newman, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa chembe zenye alama ya mionzi zilizopulizwa kwa pumpu kama ile ya dawa. Kamera ya gama ilionyesha kuwa takriban asilimia 9 tu ilifika mapafuni. Kama asilimia 80 ilibaki mdomoni na kooni, na baadaye ikamezwa.

Faida ya kuona ni kuwa mtu anapata pa kushika. Kama tatizo ni kasi ya dawa kugonga koo, basi weka chombo chenye uwazi kati ya pumpu na mdomo, wingu lipoe kwanza, mgonjwa avute taratibu. Chombo hicho kipo madukani lakini bei yake si ya kila mtu. Huko Cape Town, Afrika ya Kusini, Profesa Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita. Waliitoboa kitakoni kwa kadiri ya mdomo wa pumpu na kuziba pembeni pasivuje hewa. Matokeo waliyochapisha mwaka 1999 yalionyesha kuwa kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kile chombo cha dukani. Mwenye mtoto wa pumu amuulize mhudumu wa kliniki amwonyeshe namna ya kuitengeneza. Nimewaona wazazi wakiongeza idadi ya kubonyeza, kumbe dawa yote inaishia kwenye ulimi wa mtoto.

Nirudi sasa kwenye swali la mwanafunzi wangu. Ni fundi cherehani, mwenye familia. Aligundulika kuwa na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa. Kufikia mwezi wa pili kikohozi kilikwisha, jasho la usiku lilikwisha, uzito ukarudi. Jioni moja baada ya darsa akaniambia, "Ustadhi, mimi nimeshapona. Hizi dawa za miezi minne iliyobaki ni za nini? Zinanichafua tumbo, na kila nikienda kliniki ni nusu siku ya kazi imepotea. Na dawa inafanya kazi, maana mkojo wangu bado mwekundu." Alikuwa tayari amekaa siku tisa bila kumeza. Nilimsihi arudi kliniki kesho yake, na alirudi. Lakini nilijiona nimemsihi tu, sikumpa sababu. Kumwambia mtu mzima kuwa meza kwa sababu umeambiwa umeze ni kumfanya mtoto.

Tuanze na huo mkojo. Rangi ile inatokana na rifampisini, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ya kifua kikuu. Ni dawa nyekundu, na ikitolewa na figo hupaka rangi mkojo, jasho na hata machozi. Wagonjwa wengi huifanya rangi hiyo kuwa ushahidi kuwa dawa inafanya kazi. Kwa hakika ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba dawa iliingia mwilini na sasa inatoka. Imepita wapi katikati, mkojo haujui.

Kifua kikuu ni ugonjwa wenye maficho. Vijidudu vyake huujenga mwili kuwa ngome yao. Kinga ya mwili huvizingira kwa seli, na katikati ya kifungo hicho nyama hufa. Ugonjwa ukikomaa, nyama ile hulainika na kukoholewa, pafu likabaki na pango. Ndani ya ukuta wa pango hilo vijidudu hukaa kwa mamilioni, na mishipa ya damu inayofika hapo ni haba au imeharibika. Dawa husafiri kwa damu. Pasipo na njia, basi halifiki.

Hayo yalijulikana kwa nadharia na kwa mapafu yaliyokatwa katika upasuaji. Kuyaona kwa mtu aliye hai ni kazi ya miaka ya karibuni, ya Profesa Sanjay Jain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Waliichukua rifampisini na kubadilisha atomu moja ya kaboni iliyomo ndani yake, wakaweka kaboni-11, yenye mionzi. Dawa ikabaki ile ile, haikuongezwa mkia wala pembe, ila sasa inatoa ishara.

Kaboni-11 hupungua nusu kila baada ya dakika 20 hivi. Baada ya saa moja imebaki sehemu moja ya nane, na baada ya saa mbili imebaki moja ya 64. Kwa hiyo haiwezi kuagizwa kutoka nje ya nchi, wala hata kuvushwa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Lazima mtambo wa kuitengeneza, uitwao saiklotroni, uwe jirani na kitanda cha mgonjwa, na wakemia waiunde dawa kwa mwendo wa mbio. Kiasi anachodungwa mgonjwa ni kidogo mno, hakitibu wala hakidhuru kama dawa, na ishara yake inakuwa karibu imekwisha kabla ya swala inayofuata.

Mgonjwa hulazwa ndani ya mashine ya PET, na kwa bahati jina hilo linaendana na umbo lake, kwani ni pete kubwa ya vipokezi inayomzunguka. Atomu ya kaboni-11 inapovunjika hutoa chembe iitwayo positroni. Positroni haina maisha marefu. Ikikutana na elektroni ya jirani, zote mbili hutoweka, na mahali pake hutoka miale miwili inayokwenda pande mbili zilizo kinyume. Vipokezi viwili vinavyoelekeana katika pete vikiguswa kwa wakati mmoja, kompyuta hujua kuwa tukio limetokea mahali fulani katika mstari ulio kati yao. Mistari ikiwa mamilioni, inapokatana ndipo dawa ilipo. Pamoja na hiyo hupigwa picha ya CT, inayoonyesha maumbile ya ndani. PET inasema dawa iko hapa, na CT inasema hapa ni pafu la kulia, upande wa juu, kwenye ukuta wa pango.

Matokeo yao ya mwaka 2020, yaliyochapishwa katika jarida la Nature Medicine, yalihusu wagonjwa 12 wapya wa kifua kikuu cha mapafu. Na hapa ndipo ninapomtaka msomaji asimame kidogo. Ndani ya mtu mmoja, mwenye damu moja, aliyepata dawa moja kwa wakati mmoja, vidonda tofauti vya pafu lile lile vilipata dawa kwa viwango tofauti. Kuta za mapango zilipata kidogo. Na walipopiga picha tena baada ya wiki kadhaa za matibabu, kila kidonda kilikuwa kimekwenda njia yake, hiki kinapokea kuliko mwanzo, na kile hakifuati mwenzake. Kipimo cha damu kingekupa namba moja kwa mgonjwa mzima, na namba hiyo ingeficha yote hayo.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 2018, kundi hilo hilo lilichapisha kazi juu ya kifua kikuu cha utando wa ubongo, ambacho ndicho kibaya kuliko vyote na huwapata watoto wengi. Kwa sungura, na kwa mgonjwa mmoja binadamu, waliona rifampisini inaingia kwa shida kwenye vidonda vya ubongo, na kwa sungura hali hiyo ilizidi kuwa mbaya ndani ya wiki mbili tu za tiba. Sababu inayotolewa ni kuwa mwanzoni uvimbe huwa umekilegeza kizuizi cha ubongo, na mgonjwa anapoanza kupata nafuu kizuizi hujifunga tena, mlango ukawabana vijidudu na dawa ikabaki nje. Hata maji ya uti wa mgongo, ambayo madaktari huyavuta kwa sindano ili kupima, hayakuwa shahidi mzuri wa kilichomo ndani ya vidonda.

Jibu la yule fundi cherehani limo humo. Katika mwezi wa pili dawa imewamaliza vijidudu walio barabarani, wale wanaofikiwa na damu nyingi, na hao ndio waliokuwa wakimkohoza na kumtoa jasho. Waliobaki ni wale wa ukutani, wanaopata matone. Kuwaua kwa matone kunataka muda. Akiacha, wao hutoka. Na kilicho kibaya zaidi, kijidudu anayepata dawa kidogo asife hupata nafasi ya kuzaa kizazi kilicho sugu, na kizazi hicho kikikoholewa humwambukiza mke na watoto ugonjwa ambao rifampisini haiutibu tena. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani na milioni 1.25 walikufa kwa ugonjwa huo.

Hiyo miezi sita yenyewe, kwa wasiojua, ilipimwa hapa kwetu. Kabla yake tiba ilikuwa miezi 18. Kuanzia mwaka 1970 watafiti wa Uingereza na madaktari wa Afrika Mashariki walifanya majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, na ndiyo yaliyoonyesha kuwa ikiongezwa rifampisini, miezi sita inatosha. Mtu anayeona miezi sita ni mingi akumbuke kuwa babu yake angemeza mwaka mmoja na nusu.

Je, haiwezekani kuongeza dozi ili hata ukutani pafike ya kutosha? Swali hili ni la haki. Dozi ya kawaida ya rifampisini ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, yaani miligramu 600 kwa mtu wa kilo 60, na ilipopangwa zamani ilizingatiwa pia kuwa dawa ilikuwa ghali na watu waliogopa madhara yake. Kati ya mwaka 2013 na 2014, wagonjwa 365 wa Tanzania na Afrika ya Kusini walishiriki katika jaribio la tiba mbalimbali, ikiwemo dozi ya miligramu 35 kwa kilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliopata dozi hiyo kubwa makohozi yao yalisafika mapema zaidi, wastani wa kati ukiwa siku 48, wakati wa dozi ya kawaida ilikuwa siku 62.

Wengi walitazamia kuwa njia imefunguka. Lakini jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023, ambalo Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi zilizoshiriki, lilitumia miligramu 1,200 au 1,800 kila siku kwa miezi minne, na halikuweza kuthibitisha kuwa ni sawa na miezi sita ya kawaida. Nalitaja makusudi. Picha inaonyesha dawa ilipo, haitoi hukumu ya kupona. Hukumu hiyo hutolewa na wagonjwa wenyewe katika majaribio ya miaka. Ipo tiba ya miezi minne iliyothibitishwa, kwa dawa nyingine, rifapentini na moksifloksasini pamoja na wenzao. Ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 2,500, wakiwemo wa Kenya na Uganda, na Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2022. Asitokee mtu akasoma hapa "miezi minne" akaenda kujipunguzia dozi aliyopewa. Miezi minne hiyo ni ya dawa hizo, si ya zile zilizomo kabatini kwake.

Picha ina udhaifu mwingine. Mashine inaiona atomu ya kaboni, haiioni dawa. Ini likiivunja dawa vipande, ishara itafuata kipande chenye alama hata kama hakina nguvu tena ya kutibu, na mtafiti lazima afanye hesabu za kulitenga hilo. Tena mgonjwa anapata mionzi, hata kama ni kidogo, kwa hiyo si kipimo cha kupigwa kwa udadisi. Na gharama ni kubwa mno. Saiklotroni na mashine za PET zipo Nairobi, na hutumika zaidi kwa saratani. Sitegemei kuwa kila mgonjwa wa kifua kikuu atapigwa picha ya namna hii, wala si lengo lake. Wagonjwa 12 wa Baltimore wanatosha kutueleza jambo kuhusu pafu la fundi wa Manzese, kwa sababu pango ni pango.

Kwenye saratani hali ni tofauti kidogo, kwani huko picha yaweza kuamua nani apewe dawa. Ubelgiji na Uholanzi walifanya utafiti, uliochapishwa mwaka 2016, kwa wagonjwa 56 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Wote vipimo vya maabara vilisema kuwa uvimbe wao una alama iitwayo HER2, ambayo dawa ya trastuzumabu huitafuta na kuishika. Waliitia dawa hiyo zirkoni-89, inayodumu kwa siku kadhaa, wakapiga picha. Kwa karibu wagonjwa 3 kati ya 10, dawa haikuonekana kukaa kwenye uvimbe kwa kiasi cha maana, na wengi wao hawakunufaika na tiba iliyofuata. Dawa za aina hii zinauzwa kwa mamilioni ya shilingi, na familia huuza kiwanja kuzipata. Kujua mapema kuwa mzigo hautafika Kigoma ni kuokoa kiwanja, na ni kumwahisha mgonjwa kwenye tiba nyingine.

Limebaki jambo moja linalotuhusu kila mwaka. Rifampisini hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, wapo wagonjwa wa kifua kikuu wanaofunga bila kumwambia mtu, na kidonge wanakimeza mara tu baada ya futari, juu ya uji, mihogo na maharage. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye, na aliye katika miezi miwili ya mwanzo, amedhoofika na anameza aina nne za dawa, sioni kwa nini aikatae ruhusa hiyo. Aliyepata nguvu na daktari akamkubalia kufunga, apange saa ya dawa na kliniki kabla mwezi haujaandama. Wapo wanaoweza kuamka saa moja kabla ya daku, wakameza kwa maji, wakasubiri, ndipo wakala. Wengine kichefuchefu hakiwaruhusu kumeza tumbo likiwa tupu kabisa, na hao kliniki huwapa utaratibu wao.